Mzaramo wa Kitanda cha Dirishani

Majina yao yote ninayo kichwani: la Sista, la dresa, la mwenzangu Msumbwa, na la Mzaramo mwenyewe pamoja na la baba yake na babu yake, maana mtani huwezi kumtukana sawasawa kama hujui ukoo wake. Wajukuu wangu wananiambia, bibi, andika majina. Siandiki. Watu hao nao wana wajukuu, na mimi meno ya kujitetea yamebaki machache.

Nilikuwa msichana wa Didia, nimesoma mpaka darasa la nne nikakomea hapo. Ilikuwa bado enzi ya Mwingereza. Hospitali ya misheni, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, ikatangaza kwamba inataka wasichana wa kufundishwa uuguzi. Baba alikataa. Mama akamnunia, akampikia ugali mbichi, mpaka akakubali, ila aliweka sharti. Kule hospitalini mwanafunzi alianza na aproni tu, kichwa wazi, anajaribiwa. Akionekana anafaa, anavalishwa kofia nyeupe, ndipo anahesabiwa kuwa mwanafunzi kweli. Baba akasema, "Ukirudi na kofia, nitakuchinjia mbuzi. Ukirudi kichwa wazi, jembe lako liko palepale nyuma ya mlango, na habari ya hospitali isitajwe tena humu ndani."

Basi nikaenda na kichwa changu kitupu.

Sista aliyetufundisha alikuwa Mzungu, mrefu, mwembamba, na miguu yake haikutoa sauti. Ulikuwa ukicheka tu, unageuka, yupo. Kiswahili alikuwa amekisoma kitabuni huko kwao, kwa hiyo kilikuwa safi kuliko cha kwetu sote, sisi tuliokunywa Kisukuma na maziwa. Lakini hakikuwa na mzaha hata chembe. Alitufundisha kutandika kitanda mpaka shuka ikakazika kama ngozi ya ngoma, mimi ambaye nyumbani nililala juu ya ngozi ya ng'ombe isiyohitaji kukunjwa pembe. Kumwosha mgonjwa kitandani tulijifunza kwa kuoshana wenyewe. Mwenzangu Msumbwa, msichana wa Masumbwe mpole kama maji ya mtungini, alikuwa na mtekenyo. Nilipofika kwapani alipiga teke, karai la maji likamwagikia viatu vya Sista.

Na maneno tulifundishwa pia. "Pole, baba." "Samahani, mama, sasa nitakugusa." Tuliyakariri kwa pamoja kama wimbo. Mgonjwa haguswi kabla ya kuambiwa, hachekwi, hapandishiwi sauti. Anayemtukana mgonjwa, alisema Sista, anafunga mzigo wake siku hiyohiyo.

Tukaingizwa wodini. Mimi nikapewa vidonda.

Kitanda cha dirishani alilala mzee mmoja mwenye kidonda cha mguu kilichoanzia chini ya goti kikashuka mpaka karibu na kifundo. Alikuwa fundi seremala, amefanya kazi mgodi wa dhahabu huko Geita, akikata magogo ya kuzuia udongo usiwaangukie watu shimoni. Alikuwa anarudi kwao pwani, na pale stesheni ya Shinyanga, akingoja gari la moshi, homa ya kidonda ikamwangusha. Kichwani alivaa kofia yake ya kushona kwa mkono, haivui hata akilala.

"Shikamoo, baba," nikasema, kama nilivyofundishwa. "Pole, baba. Samahani, sasa nitakugusa."

"Marahaba, binti. Unatoka wapi?"

"Didia."

"Msukuma?"

"Ndiyo, baba."

Akafumba macho, akavuta pumzi kwa pua. "Nilijua. Nimelala hapa nasikia harufu ya zizi, nikasema, dirisha hili linatazama malisho. Kumbe ni wewe."

Nikaacha koleo hewani. "Na wewe kabila gani, baba?"

"Mzaramo."

Jamani! Nani asiyejua kwamba Msukuma na Mzaramo ni watani? Tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani na kulala kwao, ilikuwa hivyo: wanatukanana, wananyang'anyana vitu, mmoja akifa mwenzake anakwenda msibani kuigiza marehemu alivyokuwa akikoroma, na hakuna anayekasirika. Anayekasirika ndiye mwenye kosa. Mimi mtani wa kweli, wa kumshika kwa mikono, nilikuwa sijampata bado. Na huyu nimeletewa amelala, mguu mmoja haufanyi kazi.

"Shikamoo yangu nirudishie," nikamwambia. "Nilidhani nimemwamkia mtu."

Dresa, yule mfunga vidonda Mnyamwezi aliyetusimamia, aliangalia dari akajifanya hasikii. Wagonjwa wa jirani wakajiinua kwenye viwiko.

Tangu siku hiyo kazi ya kitanda cha dirishani ikawa ngoma. Bendeji za wakati ule zilikuwa zinaganda kidondani, zinatolewa kwa maji ya vuguvugu yenye dawa ya zambarau, polepole, na hata polepole mtu mzima analia. Lakini Mzaramo hakulia, maana hakuwa na nafasi.

"Polepole, Msukuma! Huo ni mguu, si chuchu ya ng'ombe!"

"Ungekuwa mguu wa ng'ombe ningeuheshimu. Huu hata fisi wa Didia angeunusa akasema, asante, nimeshiba."

"Ninyi mnaokula viazi vilivyokauka kama kuni, mnajua shibe?"

"Na ninyi mnaocheza ngoma wiki nzima, mwisho mnalala na njaa mnasingizia mmefunga?"

Akifungua mdomo kujibu, ndipo ninapovuta. Bendeji imetoka. Anabaki mdomo wazi, ananitazama, halafu anacheka mpaka kofia inamwangukia usoni. Wodi nzima inacheka. Mgonjwa mmoja mwenye nyumonia alikatazwa kucheka, akawa anafunika kichwa kwa blanketi na blanketi linatikisika.

Siku ya balaa nilikuwa namwambia hivi, kwa sauti ya kutosha: "Wewe kufa tu, tumechoka kukupikia uji. Ukifa leo, kofia yako hiyo naichukua mimi, blanketi nampelekea bibi yangu, na huo mguu tunawapa mbwa, kama watautaka."

Wodi haikucheka. Nikageuka. Sista alikuwa amesimama nyuma yangu.

Alinipeleka chumba cha dawa, dresa akiwa shahidi. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Umemwambia mgonjwa afe."

"Sista, ni mtani wangu."

"Mtani ni nani? Ni ndugu yako?"

"Hapana, Sista."

"Ni rafiki?"

"Si rafiki. Nilikuwa simjui."

"Basi ni adui."

"Hapana! Adui huwezi kumwambia hivyo, atakasirika."

Sista akamtazama dresa. Dresa akajikohoza, akaeleza vizuri kabisa: "Sista, wanatukanana kwa sababu wanaheshimiana. Wasingeheshimiana, wangeongea kwa adabu."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Sista akasema hakuna haja ya maneno mengi, atakwenda kumuuliza mgonjwa mwenyewe. Mgonjwa akisema hakuumizwa na maneno yale, nitabaki. Akisema ameumizwa, nitaondoka.

Nikashusha pumzi. Nimepona, nikasema moyoni. Nilikuwa nimesahau kwamba ninakwenda kuhukumiwa na mtani.

Tukasimama watatu mbele ya kitanda cha dirishani. Sista akauliza. Mzaramo akanitazama mimi, akamtazama Sista, na niliona kabisa macho yake yanavyong'aa, kama mtu aliyewekewa pilau yote peke yake. Kisha akavua kofia yake, ile isiyovuliwa, akaiweka kifuani.

"Sista," akasema kwa sauti ya kufa, "mimi ni mzee, niko mbali na kwetu. Binti huyu amenitesa. Nimenyamaza kwa kuogopa. Mrudishe kwao akachunge ng'ombe, ndio wanaoelewana."

Na chozi likatoka. Chozi la kweli! Mpaka leo sijui alilitoa wapi.

Ningekasirika, ningekuwa na kosa mimi. Kwa hiyo nilitabasamu, na Sista akaona natabasamu, ikawa mbaya zaidi. Lori la kupita Didia lilikuwa linakuja siku ya soko, keshokutwa. Mpaka hapo, akasema, nikae kufulia, nikunje shuka, nisiguse mgonjwa. Kidonda cha Mzaramo akapewa mwenzangu Msumbwa.

Nilikunja shuka nikiliona jembe. Lile jembe lilikuwa na mpini mfupi, mama alikuwa akilisema kila mwaka kwamba linavunja mgongo. Nilimwona baba ananionyesha tu nyuma ya mlango kwa kidevu. Nilimwona mama amenuna bure.

Asubuhi yake nikasikia kelele. Nilidhani wameleta mtu aliyeumwa na mamba. Sauti ilitoka wodi ya wanaume, ikapita uwanjani, kuku wa misheni wakakimbia. Halafu kimya, halafu tena. Mwenzangu Msumbwa akaja mbio, machozi yanamtoka, koleo bado mkononi.

"Hataki! Nimemwambia pole baba, samahani baba, nitakugusa baba, kila nikisema pole analia zaidi! Ananiambia, usinihurumie, ukinihurumia nasikia maumivu!"

"Mwambie aombe dua," nikasema, nikakunja shuka nyingine.

"Dada, Sista mwenyewe amejaribu. Amempiga teke Sista!"

Hapo nilicheka. Msinilaumu.

Haukupita muda Sista akaja mwenyewe mpaka kufulia. Aproni yake ilikuwa na madoa ya zambarau. Alisimama, mikono kiunoni. Akasema tu, "Njoo."

Mzaramo alikuwa amejifunika shuka mpaka kichwani, mguu tu uko nje, bendeji imeng'ang'ania. Dresa amesimama pembeni, ameuma midomo. Wodi nzima imekaa kitako, hata wa nyumonia.

Nikasogea, nikapiga goti kama nampa mkwe maji. "Shikamoo, baba," nikasema kwa sauti nyororo kuliko zote nilizowahi kuwa nazo. "Pole sana, baba. Samahani, sasa nitakugusa."

Shuka ikatikisika. "Usinifanyie hivyo," ikasema.

"Nifanye nini, baba? Mimi mtoto mdogo, nakuheshimu, baba."

"Sista!" akapiga kelele, akajifunua. "Mwambie aache! Mwambie anitukane!"

Sista akamtazama. "Ulisema amekutesa."

"Nilisema! Yeye mtani wangu, ningesema nini? Ningemsifu? Kwetu wangenicheka mpaka kaburini!"

"Kwa hiyo hakukuumiza?"

"Anayeumiza ni huyo mwenye pole!" akasema, akimnyooshea kidole mwenzangu Msumbwa, aliyejificha nyuma ya dresa.

Sista akavuta kigoda, akaketi karibu na dirisha, akakunja mikono. "Endelea," akaniambia. "Nataka kuona."

Nikachukua koleo. Nikamwangalia Mzaramo. "Kumbe unalia vizuri. Kelele zako zimefika Nyarugusu, huko migodini Geita, wachimbaji wametoka mashimoni wakidhani ni kengele ya chakula."

"Msukuma, nilikulilia wewe, nikasema maskini, atarudi kulala na ndama..."

"Ndama ananuka vizuri kuliko wewe."

"Ndama ni ndugu yako, lazima umsifu..."

Bendeji ikatoka. Akabaki mdomo wazi. Sista akainama, akatazama kidonda: safi, chekundu, pembeni kimeanza kufunga. Akatazama bendeji mkononi mwangu. Hakusema kitu juu ya lori, na siku ya soko lilipita, likapiga honi langoni, likaenda zake bila mimi.

Toka hapo Sista akawa na jambo jipya. Akiletwa mgonjwa mwenye kidonda kigumu, alikuwa akisimama mlangoni mwa bweni letu na kuuliza kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "Nani hapa ni mtani wa huyu?" Asipopatikana, ndipo mgonjwa anaambiwa pole.

Siku nilipovalishwa kofia, kidonda cha Mzaramo kilikuwa kimefunga, naye aliruhusiwa siku hiyohiyo. Tulipangwa mstari uwanjani, Sista akatuvalisha mmoja mmoja, akanibania yangu kwa pini. Ilikuwa imepigwa wanga, ngumu kama karatasi. Nikamfikiria mbuzi wa baba. Nikageuka kumwonyesha mwenzangu, na nyuma yangu mkono ukaja, kofia ikaondoka na pini zake na nywele kadhaa.

Mzaramo alikuwa anachechemea kuelekea stesheni, fimbo mkono mmoja, kofia yangu kaivaa juu ya kofia yake.

Sista aliniona kichwa wazi. "Kofia iko wapi? Nimekupa sasa hivi!"

"Ameichukua mtani wangu, Sista."

Akatazama barabarani, akaiona ile kofia nyeupe inavyopanda na kushuka. Nilingoja uso uwe mwekundu. Haukuwa. "Basi kaifuate," akasema. Nilipoanza kukimbia akaniita tena, akanisogelea, akashusha sauti. "Na mwambie, mguu wake bado unanuka." Akafikiri kidogo. "Inatosha hiyo?"

"Ni ndogo, Sista. Lakini nitamfikishia."

Mtani akikunyang'anya kitu, lazima ukikomboe. Nilipita bwenini nikachukua michembe aliyonitumia mama, viazi vilevile vilivyokaushwa kama kuni alivyovitukana tangu siku ya kwanza, nikamkuta ameshapanda behewa. Nikamfikishia maneno ya Sista kwanza. Alicheka mpaka akashika ukingo wa dirisha.

"Huyo naye mmemfanya Msukuma!"

Nikampa kifurushi, akanirudishia kofia. Akafungua, akanusa, akatoa mchembe mmoja, akaugonga kwenye bati la behewa, ko, ko.

"Kuni hizi ni za kula, au za kupikia?"

Gari likaanza kuondoka. Nikavaa kofia yangu, nikatembea sambamba na dirisha, na kila nilipofungua mdomo kumjibu, naye alikuwa ameshajaza wake viazi vyetu, anatafuna.