Niko Jikoni Nakata Vitunguu

Nina miaka sitini na mbili, sina kazi, na ili nipate posho ya wasio na ajira lazima kila wiki niorodheshe sehemu tatu nilizoomba kazi. Wiki ile nilipata mbili. Kwa woga nikaongeza mgahawa wa Mama Neema, Mtanzania mwenzangu hapa Rockville, Marekani, bila kumwambia.

Ijumaa afisa wa posho akaniita ofisini. Akampigia Mama Neema simu mbele yangu, akaweka spika, akauliza kama ananifahamu. Nililowa jasho mpaka soksi.

Mama Neema, kama sisi sote ofisi ikimuulizia mwenzetu, akakimbilia kunitetea. "Baba Asha? Mfanyakazi wangu hodari. Yuko jikoni anakata vitunguu. Nimwite?"

Afisa akanitazama.

"Tafadhali," akasema, "mwite."