Pindo Mdomoni

Muuza maziwa ya ngamia anayekaa ubavuni mwa Ramlo, mchuuzi mwenzake sokoni Garissa, hamwiti mtu kwa jina alilopewa na mamake. Mwalimu anayechechemea ni Langare, karani mnene ni Tangi, askari wa getini ni Masikio. Mji huu umezoea majina ya maungo, na wengi huitika wakicheka. Yeye humimina maziwa kutoka juu, uzi mweupe mrefu, bila kumwaga hata tone, huku ulimi wake ukimchambua mteja kuanzia kisigino. Kisha hucheka mpaka mabega yakatetemeka, mkono wa kushoto ukivuta pindo la mtandio mdomoni. Ramlo, aliyecheka naye miaka sita, alidhani hiyo ni adabu.

Juzi alikuja Amran, wifi mpya wa Ramlo, aliyelelewa kwa maji ya kisima cha chumvi hadi meno yakageuka kahawia. "Walahi funga mdomo, Kutu," muuza maziwa akamwambia, "utanitia rangi maziwa yangu." Soko zima likaangua kicheko. Ramlo naye alicheka. Leo Amran amerudi. Tangi akapita akihema, muuza maziwa akamrushia neno huku anamimina, wote wakacheka. Amran naye akacheka, mkono wa kushoto ukivuta pindo la mtandio mdomoni, vilevile kabisa kama muuza maziwa. Ramlo akamtazama wifi yake, kisha akamgeukia jirani yake.

"Abaayo, dadangu," akasema, "hebu shusha hiyo nguo tuone na meno yako."

Mkono haukushuka. Maziwa yakapita kando ya kikombe.