Mwalimu wa Muziki Aliyekatazwa Kuimba

Habari hii nilipewa na mumewe, fundi viatu, Jumamosi iliyopita, siku moja tu baada ya shule kufungwa. Nilimpelekea kiatu kilichoachia soli, nikidhani nitakaa dakika mbili. Nikakaa mpaka gundi ikakauka, ikapakwa tena, ikakauka.

"Bibi, kiatu hakina miguu ya kukimbia," aliniambia. "Sikia kwanza ya mke wangu."

Ni saa mbili asubuhi, Jumatatu ya kwanza ya kimya chake. Katika chumba cha mwisho cha shule ya msingi, kile chenye dirisha lisilofunga vizuri, watoto wa darasa la kwanza wanaingia wakisukumana. Mwalimu wao amesimama mbele, mwanamke mrefu mwenye kitambaa kichwani. Kibao kidogo cha kuandikia kinaning'inia shingoni kwake kwa kamba ya kiatu. Siku nyingine wangekuwa wamemsikia tangu uwanjani. Leo amefunga mdomo.

Anainua mikono, watoto wanakaa. Anagusa koo, anatikisa kichwa.

"Mwalimu, umemeza mfupa?" anauliza mmoja.

"Amekatazwa na daktari," anadakia msichana wa mbele, ambaye nyumba yao imepakana na ya mwalimu. "Akisema tu, sauti inakwenda na hairudi."

Darasa zima linamtazama kama mtu aliyebeba yai mdomoni.

Watoto humwita Mwalimu Zumari, na mwenyewe jina hilo analijua. Kwa miaka kumi na mmoja amefundisha muziki madarasa yote, la kwanza hadi la saba, peke yake. Wanafunzi ni zaidi ya mia sita. Vifaa ni ngoma tatu, filimbi za plastiki zinazotosha nusu ya darasa, na kinanda ambacho vitufe vyake vya katikati vilikufa zamani. Kilichobaki chote kilikuwa koo lake. Asubuhi aliimba sauti nyembamba na wadogo, mchana akateremka chini kuwatafuta wakubwa.

Koo likachoka. "Lilianza kukwaruza," anasema fundi. "Nikamwambia ni vumbi la chaki. Akanywa maji moto, akatafuna tangawizi. Siku moja ananiita kutoka jikoni, nasikia sauti ya mzee. Nikadhani marehemu baba amerudi kudai chai yake."

Daktari alikuta vinundu kwenye nyuzi za sauti. Akatoa masharti: wiki sita asiimbe, asiseme, hata asinong'one, kwa sababu kunong'ona nako kunachubua. Akivunja masharti, huenda akabaki na mkwaruzo ule maisha yake yote.

"Mimi nikipoteza sauti nitaendelea kugonga misumari," anasema fundi. "Yeye atagonga nini?"

Siku za mwanzo fundi alijipongeza kwamba sasa nyumba ni yake, atasema yeye na kujibu yeye. Siku ya tatu alikuwa akibishana na redio.

Aliyeumia zaidi ni mama yake fundi. Ni bibi ambaye macho yamefifia, na kila jioni mkwewe alizoea kumkalia kitandani na kumwimbia mpaka usingizi umchukue. Jioni ya kwanza ya kimya, bibi aligeukia ukutani.

"Mwanangu, mkeo nimemkosea nini? Mbona ameninunia?"

Alipoelezwa, akasema, "Basi na mimi nitanyamaza, nimchangie." Akanyamaza muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Lakini usingizi ulimpaa kweli, akawa anajigeuza mpaka kitanda kinalalamika.

Mwalimu hakukaa nyumbani. Alijiambia atapiga mapigo kwa mikono, watoto wataimba, mambo yatakwenda. Siku hiyohiyo ya Jumatatu akaingia darasa la tano, akawapa ishara ya kuanza wimbo wanaoujua tangu wadogo. Kimya. Akarudia. Wawili wakaanza juu, mmoja akaanza chini, waliobaki wakashika kila mtu njia yake kama mbuzi waliofunguliwa zizini.

Mwalimu akakaa juu ya ngoma. Miaka yote hiyo hakuwahi kuwasikia, kwa sababu kila walipoimba, naye aliimba. Walikuwa kama mmea unaotambaa juu ya mti. Mti umeondolewa, na mmea umelala chini.

Jioni aliandika kwenye kibao, akamwonyesha mumewe: "Sikuwafundisha kuimba. Niliwafundisha kunifuata."

"Nikataka kumbishia," anasema fundi. "Lakini utabishana vipi na mtu anayefuta kibao ukiwa katikati ya kusoma?"

Na siku ya kufunga shule ilikuwa inakuja, mwishoni mwa wiki ya tano, ambapo madarasa yote huimba pamoja mbele ya wazazi. Mwalimu mkuu, mtu mpole anayependa mambo yaende bila aibu, akamwita ofisini.

"Mwalimu, wewe pumzika. Tutaweka spika, watoto watachezesha midomo tu. Wazazi hawatajua."

Akaandika: "Watoto watajua."

Dawa aliipata nyumbani, sakafuni. Alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua mchele, na binti yake wa darasa la tatu amemwegemea mgongoni akiandika kazi za shule. Mtoto alikuwa anavuma wimbo, mdomo umefungwa, kama nyuki ndani ya kopo. Mwalimu akausikia wimbo ule kwenye mbavu zake kabla haujafika masikioni. Akaacha mchele.

Kesho yake aliwakalisha watoto wawiliwawili, mgongo kwa mgongo. Mmoja avume, mwenzake ausake mvumo ule kwa mgongo, kisha ajiunge nao.

"Mwalimu, mgongo wake unanguruma kama friji!" akapiga kelele mmoja wa darasa la kwanza, na siku hiyo hakuna kilichofanyika ila kucheka. Siku iliyofuata waliuliza wenyewe, "Tunafanya friji?"

Darasa la nne walifanya kwa nyuso kavu, kama mtihani. Darasa la saba waliona haya, hasa wavulana ambao sauti zilikuwa zinabadilika, zinalia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Hao walikuwa wamejifunza kufungua midomo bila kutoa kitu. Mwalimu akawapigia kwenye kinanda noti moja tu ya sauti, ya chini kabisa, akawaandikia ubaoni: "Ninyi ni sakafu. Msihame."

"Kwa hiyo tutakanyagwa, Mwalimu?"

Akakubali kwa kichwa. Mabega yake yakacheka, maana kicheko nacho kilikuwa marufuku.

Wakaendelea hivyo kila siku. Walipoweza wawili kwa wawili, akachanganya madarasa: mkubwa na mdogo, la sita na la pili. Baadaye akawa anageuka na kuwapa mgongo, ishara kwamba sasa watafutane wenyewe.

Ijumaa ya kufunga shule ikafika. Mabenchi yalitolewa uwanjani, wazazi wakajaa. Mwalimu mkuu alikuwa ameweka spika yake pembeni, imefunikwa kitambaa, eti kwa tahadhari. Fundi akakaa nyuma, shati limepigwa pasi mara mbili.

Wimbo ulianza vizuri. Ubeti wa pili, simu ya mzazi mmoja ikalia kwa muziki wa nguvu, na badala ya kuizima, mwenyewe akaipokea. "Haloo! Niko shuleni! Nasema shuleni, wewe!"

Darasa la pili wakacheka. La tatu wakapotea. Wimbo ukaanza kuteleza, wengine huku, wengine kule, kama ile Jumatatu. Mwalimu mkuu akanyoosha mkono kwenye kitambaa cha spika.

"Mimi namjua mke wangu," anasema fundi. "Kabla hajaimba, mshipa huu wa shingo unasimama. Nikauona umesimama, na mdomo umefunguka. Nikasimama na mimi. Nikasema moyoni, mama, nakuomba, usiimbe. Sauti moja tu ingewaokoa, bibi, na ingekuwa ndiyo basi."

Mwalimu akafunga mdomo. Kisha akageuka, akawapa watoto mgongo.

"Amesusa?" akauliza mama mmoja kwenye benchi.

"Hapana, analia," akasema mwingine.

Watoto walielewa. Mistari ikavunjika, wakubwa wakawasogelea wadogo, migongo ikakutana. Kwanza ukatoka mvumo wa chini, wa wale wavulana wa darasa la saba. "Niliusikia kwenye benchi, usinicheke," anasema fundi. Juu yake wakaja wengine, darasa baada ya darasa, mpaka wimbo ukasimama tena na ukaenda wenyewe hadi mwisho.

Kwa kuwa aliwapa watoto mgongo, uso wake waliuona wazazi. Machozi yalikuwepo. Mdomo ulikuwa umefungwa kama zipu ya mkoba mpya. Mwalimu mkuu aliondoa mkono kwenye spika, akapiga makofi kuliko wote.

Jioni hiyo binti alipanda kitandani kwa bibi yake, akaweka mgongo wake kwenye mgongo wa bibi, akavuma.

"Nani huyu? Mama yako amepona?"

"Ni mimi, bibi. Mama bado wiki moja."

"Haya, usiache."

Bibi alilala wimbo haujafika katikati. Mtoto naye akalala hapohapo, nywele zake zimebanwa na bega la bibi.

Wiki ijayo mwalimu anarudi kwa daktari, ambaye hajaahidi kitu. Muhula ujao anakusudia kila darasa lifundishwe wimbo mpya na darasa lililo juu yake, yeye akae nyuma. Usiku ule wa Ijumaa aliandika kwenye kibao: "Hata sauti ikirudi yote, nitatumia nusu. Siku nikistaafu, wimbo ubaki shuleni."

Akakitundika kibao msumarini, akalala ameelekea ukutani. Kisha akanyoosha mkono nyuma, akamgonga mumewe mgongoni.

"Mimi?" akasema fundi. "Mama, mimi naimba kama punda."

Akamgonga tena.

Fundi akageuka, mgongo ukakutana na mgongo, akavuma noti ya sakafu, ile moja, ndiyo pekee aliyoiweza. Akasikia pumzi za mkewe zinarefuka, zinatulia. Hakuthubutu kuacha, asije akamwamsha. Akavuma, akavuma, mpaka mvumo ukageuka mkoromo, naye akalala.