Soma Nyuma Kwanza

Mama Mhindi wa dukani pale Ogembo hakutuuzia kitu kabla hatujageuza pakiti. “Soma nyuma kwanza,” alisema, kidole chenye rangi ya bizari kikigonga kaunta. Yeye alitafuta humo neno mayai, maana dini yake ilimkataza kuyala. Sisi wanafunzi tulitafutishwa sukari. “Kitu ya kwanza kuandikwa ndiyo mingi. Kama ni sukari, rudisha, chukua njugu.” Tulinung'unika, lakini tulisoma.

Juzi nilimkuta ameketi kando ya magunia ya mchele, macho yamefifia, shanga za sala mkononi, midomo ikicheza bila sauti. Anayeuza sasa ni mwanawe Viral, naye hamwambii mtu asome. Nilichukua biskuti, na mkono ukaigeuza pakiti wenyewe. “Unga wa ngano,” nikasoma kwa sauti. Midomo yake ikatulia. “Sukari. Mafuta ya mawese. Chumvi.” Kwa kila neno, kidole gumba chake kilisukuma ushanga mmoja. Nilipofika mwisho nikaishusha pakiti.

“Endelea, mtoto,” akasema.

Pakiti haikuwa na zaidi. Nikaanza tena kwenye unga wa ngano.