Udongo Ulioshikwa na Seji

Ukuta wa jiko uliniangukia nikiwa ndani napika. Nilitolewa hai, mguu umevunjika, na sitasema ilikuwa mvua ya Mungu kama alivyosema mzee wa mtaa. Ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Alininyang'anya shamba lililo juu ya boma, akakata miti yote, akachoma makaa akawauzia madereva wa malori kule Malaba. Maji yakakosa wa kuyazuia. Na mimi pia nina kosa langu: miaka mingi nilifagia uwanja kila asubuhi mpaka msingi wa jiko ukatokeza nje kama meno.

Jiko lilipojengwa tena, nilienda Mundika kwa mama mmoja anayeuza miche. Akanipa seji ya kienyeji, majani ya harufu kali yanayotambaa na kuota mizizi kila yanapogusa chini.

"Hii jua haliiwezi," akaniambia.

Nikaipanda kutoka mpaka wa shamba hadi mlangoni. Ufagio nikauweka kando.

Mama mkwe akashika kichwa. "Uwanja wa mwanamke mzima umejaa majani! Watu watasema nini?"

"Waseme, mama. Si wao walioangukiwa."

Kiangazi kilikuja, nyasi za jirani zikawa makapi. Seji yangu ilikunja majani tu, ikaendelea kuishi. Nikaanika mihogo juu yake, nikijisifu kwamba safari hii ugali hautakuwa na mchanga. Kweli, haukuwa nao. Lakini mama mkwe alimeza tonge la kwanza, akaniangalia.

"Huu ni ugali ama dawa ya kifua?"

Tulicheka, na tukaumaliza.

Halafu mvua kubwa ikashuka, mchana kweupe. Nilisimama mlangoni nikitazama juu shambani. Matope yalikuja mbio kutoka juu, yakaingia kwenye seji, yakapunguza mwendo. Yaliyofika jikoni yalikuwa maji membamba tu, na ukuta ulisimama.

Kesho yake seji ilikuwa imeshika udongo mzuri, kina cha kidole. Shemeji akaja mpakani. Kwake yalibaki mawe.

"Shemeji, huo udongo ni wangu."

"Ni wako kabisa. Leta kijiko uchukue."

Mama mkwe, yeye aliyemzaa, alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikaingia jikoni, nikawasha moto bila kuangalia ukuta.