Roboti Alipopata Watani Kivinje

Siku yangu ya kwanza kazini, Kilwa Kivinje, mwenye banda la video alinikabidhi maikrofoni iliyozungushiwa utepe, akaniambia, "Picha ya leo ni ya anga. Watu wakitoka kabla haijaisha, kesho usije." Nilikuwa nimeoa juzi tu na kazi nyingine sina. Niliogopa, tena sana.

Ninyi mnaosoma maandishi kwenye kioo cha simu hamuijui kazi ya mtafsiri wa picha. Tulipunguza sauti ya Wazungu kwenye deki ya video, tukasema sisi badala ya wote: mume, mke, hata mbwa. Picha za ngumi na mapenzi zilikuwa rahisi. Taabu ilikuwa hadithi za kisayansi, yaani hadithi za mambo ambayo bado hayajatokea, ila msimulizi anaapa yanaweza kutokea. Watazamaji wetu, wengi wao wakulima walioleta mazao sokoni, walitaka kwanza kujua huyu wa kwenye nyota ni nani kwa nani.

Basi nikawapa ukoo. Nahodha wa chombo cha anga nikamfanya mjomba. Roboti, yule mtu wa chuma, nikasema ni mtani wetu, wa kutukanana naye bila ugomvi. Loo! Banda zima likamvaa.

"Sufuria weye!" alipiga kelele Bi Somoe, mkulima wa Likawage, mtani wangu mimi mwenyewe. "Nani kakuokota jalalani?"

Mwishoni chombo kiliharibika, roboti akabaki ndani ili wenzake wafike nyumbani. Mwenye banda alisimama mlangoni akinikodolea macho. Nikasema, "Mtani wenu amekufa."

Bi Somoe akainuka. Nikajua anaondoka, na kazi yangu inaondoka naye. Kumbe alikwenda kujilaza mbele ya televisheni, kama watani wanavyozuia jeneza msibani.

"Hazikwi mtu hapa mpaka nipewe changu!"

Watu wakacheka huku wakifuta machozi, na hakuna aliyetoka. Ikabidi mwenye banda asimamishe deki, amletee soda, ndipo maziko yakaendelea. "Kesho uwahi," akaniambia.

Baadaye nilihamia Lindi mjini, chini ya meneja aliyetaka nitafsiri neno kwa neno. Nilimwitikia "Ndiyo, bwana," nikaendelea kugawa ukoo. Kisha simu zikaja, mabanda yakafungwa, nikastaafu bila hata chai ya kuagana. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwa nini nifiche?

Mwaka jana Bi Somoe alifariki. Nilikwenda Likawage, nikajilaza mlangoni mbele ya jeneza. "Hazikwi mtu hapa mpaka nipewe changu!" Wanawe, waliokua wakisimuliwa kisa kile, wakaingia jikoni bila kuuliza, wakatoka na sufuria ya mama yao.

Nilicheka kwa sauti, kama impasavyo mtani. Nililia baadaye, ndani ya gari la kurudi, sufuria nimeipakata.