Asidia Waliozikwa Vulamba

Solange Kahongya hana dogo. Ukimuuliza mara ya kwanza kwa nini mtu wa Butembo, mji wa milima na vumbi jekundu mashariki mwa Kongo, anasoma wanyama wa baharini, atakujibu. Ukimuuliza mara ya pili atakukunjia uso. Mara ya tatu usijaribu. Wenzake katika chuo anakofundisha baiolojia wamemtania mpaka utani umechuja: wanamwita Mama Bahari, wanamuuliza kama maji ya mto Kimemi yameanza kuwa na chumvi. Yeye huwajibu kwamba wako wazungu wanaokaa kwenye theluji na kusoma vyura wa Ituri, na hakuna anayewacheka.

Wanyama wenyewe wanaitwa asidia, na yeye anawapenda wale wanaoishi kwa kundi. Ukiwaona kwenye mwamba utadhani ni kipande cha ini kilichomdondoka mchinjaji. Kumbe ni wanyama mamia, kila mmoja mdogo kuliko punje ya ulezi, wamejifunga pamoja ndani ya ngozi moja. Kila mmoja ana mdomo wake, lakini maji waliyokwisha kuyachuja huyatoa wote kwa tundu moja. Spishi huijui kwa kutazama rangi, maana rangi inadanganya, na ndani ya alkoholi inakufa yote. Inabidi upasue ngozi, umtoe mmoja kwa ncha ya sindano, umtie wino, uhesabu safu za matundu anayopumulia, kisha utazame mrija wa mbegu umejizungusha mara ngapi juu ya korodani. Ngozini nako kuna vijiwe vya chokaa vyenye miali kama nyota, navyo lazima vipimwe. Ni kazi ya kuumiza macho. Solange aliifanyia nyumbani kwake, mtaa wa Vulamba, kwa hadubini iliyolishwa na sola, kwa sababu maabara ya chuo ilikuwa na meza nzuri na haikuwa na umeme.

Rafu moja ilijaa chupa zenye namba, alizokuja nazo kutoka pwani ya Tanzania, alikokwenda kusomea shahada yake. Karibu zote alikuwa amezitambua. Moja ilimgomea. Alipekua vitabu vyote, akawaandikia wataalamu wa mbali, na hakuna aliyewahi kuona mrija uliojikunja namna ile. Spishi mpya. Akaichora, akaieleza kipengele kwa kipengele, miaka minne ya jioni zake ikaishia hapo. Sheria ya kazi hii ni kali: anayetoa jina jipya lazima aweke sampuli moja ya asili kwenye jumba la makumbusho, ili watakaokuja nyuma waitazame. Bila hiyo, maelezo yote ni porojo. Sampuli hiyo Solange aliifunga uzi mwekundu asije akaichanganya na nyingine.

Ndipo alipofika Mariette, mdogo wa mama yake, kutoka Bungulu kule Beni. Watu walikuwa wanauawa mashambani kandokando ya mji, na Mariette alichoka kulala na viatu miguuni. Alikuja na pikipiki, godoro limefungwa nyuma. Solange akamgawia nusu ya chumba, akamwonyesha pa kupikia. Siku za mwanzo Mariette aliuliza vile vitu vya kwenye chupa ni nini. Solange, jicho likiwa kwenye hadubini, alijibu kwamba ni kazi. Hakuongeza neno, na Mariette hakuuliza tena.

Mariette alikuwa na mtoto mmoja, Muyisa. Ebola ilimchukua. Walikuja watu waliovaa nguo nyeupe mpaka machoni, wakamtia kwenye mfuko wa plastiki wenye namba, wakamzika wao, mama akiwa amesimama mbali nyuma ya kamba. Hakumwosha, hakumvika, hakumshika mguu. Ilikuwa lazima, walisema, na labda ni kweli, lakini ukweli huo haujampa usingizi hata leo. Solange wakati huo alikuwa pwani, kichwa ndani ya maji, akitazama miamba. Habari aliipata kwa simu.

Basi likatokea la Kasugho. Baba mkubwa wa Solange alifariki huko, ikambidi aende mazikoni. Kule mzee alioshwa, akavikwa suti yake, watu wakamkalia na nyimbo, wanaume wa ukoo wakachimba kaburi kwa mikono yao. Solange alirudi amechoka, matope yamempanda mpaka magotini. Akaingia uani, na kitu cha kwanza alichokiona ni chupa zake zimefudikizwa kwenye kichanja cha vyombo, zimesuguliwa kwa majivu, zinang'aa. Moja ilikuwa imekwisha kutiwa chumvi.

Hakupiga kelele. Alimuuliza Mariette, aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, vilivyokuwa ndani viko wapi. Mariette aliweka mchi chini.

“Nilibazika,” alisema, kwa Kiswahili cha kwao: amewazika.

Hapo mori ulimpanda Solange. Alimwambia hana akili, ni mshamba, amekula miaka minne ya maisha yake kwa asubuhi moja. Mama yake mdogo huyo, dada wa mama yake mzazi! Alimwambia heri angebaki kulekule Bungulu. Neno hilo alilisikia likitoka, akajua ni neno gani, na hakulirudisha.

Mariette alifuta mikono kwenye kikwembe alichojifunga, akasimama sawasawa.

“Uliandika banumero, Solange. Hakuna jina hata moya. Muyisa wangu balimuweka mu saki na numero, bakanikataza hata kumugusa. Ulienda, mi nikafagia, nikaona bipande bya batu mu machupa na banumero juu. Ungetaka nifanye nini? Niite bavijana ba mutaa, bakuchome na nyumba yako? Hapana. Nilinyamaza, nikabazika. Nani angebazika?”

“Hapana batu, mama mudogo. Ni banyama ba mayi ya bahari.”

Mariette akausogeza mchi kando.

“Na ulishindwa kuniambia?”

Swali hilo likamzidishia Solange hasira. Alichukua jembe, akazunguka nyuma ya nyumba. Chini ya mti wa avoka palikuwa na tuta dogo, limepigwapigwa vizuri kwa viganja, na msalaba wa vijiti vya mkaratusi. Kwenye kijiti kilicholala Mariette alikuwa ameandika kwa kalamu ya Solange mwenyewe, ile ya maabara, ambayo wino wake hautoki hata kwenye alkoholi. Aliandika MUYISA.

Jembe lilikuwa limekwisha kuinuliwa. Solange akabaki nalo hivyohivyo, kama mtu aliyeitwa kwa nyuma. Alimchukia Mariette, akaichukia mvua iliyokuwa ikilowesha tuta lile siku zote alipokuwa Kasugho, akawachukia wale wa nguo nyeupe. Akajichukia yeye, mwenye macho ya kuona nyota ndani ya ngozi ya mnyama, aliyekaa chumba kimoja na huyu mwanamke bila kuona kitu. Na bado aliitaka sampuli yake. Kila saa iliyopita udongo ulikuwa unaila.

Mariette alikuja akampokonya jembe, akalitupa pembeni.

“Kama anatoka, ni mi nitamutoa. Hapana wewe.”

Alipiga magoti, akachimba kwa mikono, polepole, akiweka udongo upande mmoja. Akatoa kitenge kilichokunjwa. Solange alikitambua: ndicho cha misa, kitenge pekee cha sikukuu alichokimbia nacho Mariette kutoka Bungulu. Ndani yake zile koloni, yaani makundi ya asidia, zilikuwa zimepangwa moja moja. Nyingi zilikwisha kulegea na kutoa harufu. Katikati, uzi mwekundu ulionekana.

Mariette aliuliza ni ipi. Solange akaonyesha kwa kidole. Alitaka kusema zote, kwa sababu zilizobaki za aina ile nazo zilihitajika, na nyingine zilikuwa kumbukumbu ya kila mwamba aliowahi kuuogelea. Mariette akampa ile moja kwenye kiganja, akaanza kukunja kitenge.

Ilikuwa ngumu bado, imeshikana. Solange aliisikia moyoni huruma ikichanganyika na hasira, wala hakujua kuzitenganisha, akasema la kwanza lililomjia: kwamba spishi hii haijapewa jina bado, na yeye ana haki ya kuchagua, na ataiita kwa jina la Muyisa, dunia nzima ilisome.

Mariette alisimamisha mikono.

“Hapana,” alisema. “Ile unabeba, utaipasua na kisu. Uchukue jina ya mutoto wangu uweke kule? Jina yake iko hapa. Yako, utafute yako.”

Akarudisha kitenge shimoni, akafukia, akapigapiga kwa viganja, akausimamisha msalaba. Solange alisimama palepale, mvua ikianza tena, kitu chake kimefumbatwa mkononi, mpaka alipoitwa kula.

Mrija ulikuwa haujaharibika. Sampuli ilikwenda makumbusho, na spishi akaipa jina la rangi yake ya zambarau, ile iliyokufa zamani ndani ya alkoholi. Katika maelezo, mahali ambapo mwandishi hutakiwa kutaja sampuli nyingine za spishi hiyo zinahifadhiwa wapi, aliandika: zimezikwa Vulamba, Butembo. Mhariri wa jarida, mtu wa mbali na mwenye adabu, aliomba arekebishe, ataje taasisi ambako watafiti wataweza kuziona. Solange akamrudishia sentensi ileile. Mhariri akaomba tena, akieleza umuhimu wake. Mariette alikuwa anapepeta maharage mlangoni. Solange alivigonga vitufe vya kompyuta mpaka Mariette akageuka kutazama.

Aliandika kwamba hazionwi, kwa kuwa mwenye kaburi hajatoa ruhusa.